Mahali Maji Yanapoishia

Sentensi yangu ya kwanza kukaribia kuwa sheria ilikuwa na maneno kumi, na asubuhi ile niliibeba kifuani kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala: naogopa kuinama, na bado natamani kila apitaye amwone. *Ukingo wa kinamasi ni mahali maji yanapoishia siku ya kupimwa.* Niliisema nikivaa viatu. Niliisema nikipanda ngazi za Idara. Niliwaza kwamba mtu akiandika jambo moja fupi linalolinda jambo moja kubwa, hata akifa kesho atakuwa amelipa pango la kuishi duniani.

Katika nchi ile, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa kila nilipolitaja nilikuta limekwisha badilishwa, kitu kisicho na ukingo hakikuwepo. Mlima ulikuwa umeandikishwa, maana una chini na una kilele. Msitu ulikuwa umeandikishwa, maana mtu alitembea hadi mti wa mwisho akaufunga kitambaa. Sisi watu tulibeba kingo zetu kwenye kadi: tarehe ya kuanza, na nafasi tupu ya tarehe ya kuisha. Hata huzuni ilikubaliwa dirishani, ilimradi mwenye nayo aonyeshe ilipoanzia. Ni Kinamasi peke yake aliyekuja kujiandikisha mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka akarudishwa.

Nilimhudumia mwenyewe, wiki yangu ya kwanza kazini. Alisimama mbele ya dirisha langu, na sikuweza kusema mwili wake ulianzia wapi. Alinukia tope na majani mabichi. Chura mmoja alichungulia kutoka kwenye mkono wa shati lake, akarudi ndani.

"Jina?" nilimuuliza.

"Wanaokaa juu mlimani huniita Tope. Wanaokaa ukingoni huniita Mama. Nyinyi mnaniita Ardhioevu. Nimeshazoea."

"Umri?"

"Naweza kusema nilianza kabla ya hilo swali."

"Ukubwa?"

"Wa leo?"

"Wa sasa hivi."

"Basi niulize tena mvua ikinyesha."

"Samahani sana," nilisema, na nilikuwa nasema kweli. "Fomu haina nafasi ya mvua."

Alicheka, na droo yangu ikajaa maji hadi nusu. "Pole, mwanangu," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa kuandikishwa. Alipoondoka sakafu ilibaki imelowa kwa siku tisa, na mimi sikumruhusu mfagizi aipige deki.

Ni kwa sababu yake niliandika ile sentensi. Nilitaka awepo. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kimoja na imani moja: kwamba serikali ni mkono, na mkono unaweza kufundishwa upole. Wenzangu walinicheka kwa imani hiyo. Wapo waliosema serikali ni tumbo, wapo waliosema ni kivuli. Mimi nilisema mkono, na bado nasema.

Sasa ilikuwa Siku ya Muhuri.

Ramani ilitandazwa katika ukumbi wa Baraza, pana kama ua wa nyumba ya ukoo. Katikati palipakwa buluu: huko ndiko kinamasi kilikokuwa kinamasi, kwa mujibu wa sentensi yangu. Pembeni bikoni, zile nguzo za mpaka, zilichorwa kama meno. Nje ya bikoni palikuwa peupe, na juu ya weupe huo mtu alikuwa ameandika kwa mkono mzuri *Mji Mpya*. Nje ya jengo malori ya kifusi yalipanga mstari, injini zikinguruma, yakisubiri adhuhuri. Saa ya ukumbini haikuwa na mishale. Katika nchi ile adhuhuri ilifika Mkuu wa Idara alipogonga muhuri. Kuna siku ilifika kabla ya chai, na kuna mwaka haikufika kabisa, watumishi wakazeeka wakisubiri chakula cha mchana.

Mkuu wetu aliitwa Bwana Lukelesha. Alikuwa mrefu, mwenye kipara king'aacho, na alizungumza polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Nsia, mwanangu," aliniambia, "ukishasoma sentensi yako, nitagonga. Simama wima. Siku hii haiji mara mbili."

Nilisimama wima. Nilifungua kinywa. Ndipo zogo likazuka mlangoni.

"Mama, jembe haliingii ofisini," askari alikuwa akisema.

"Ulipokuwa unakula kambare niliyemchimba topeni uliuliza jembe limeingia wapi?"

Aliyeingia alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, vumbi limempanda hadi magotini. Baraza zima lilimjua: Mama Nshoma, kiongozi wa wanawake thelathini na mmoja wanaosuka mikeka ya mafunjo, zile nyasi ndefu za kinamasini ambazo zikikaushwa na kupasuliwa hugeuka sakafu, ukuta, kitanda na sanda. Hakumtazama Mkuu. Alinitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Shikamoo nzuri, sentensi mbaya. Njoo nikuonyeshe."

Nilimtazama Bwana Lukelesha. Aliushika muhuri mkononi, akaupima uzito wake, akasema, "Sitagonga kabla hajarudi. Lakini mkono wangu unachoka, Nsia."

Ukumbi ule ulikuwa na mlango wa nyuma ambao sikuwa nimeuona siku zangu zote za kazi. Mama Nshoma aliusukuma kwa bega. Nje yake hapakuwa na uchochoro wala mji. Palikuwa na kinamasi, au niseme palikuwa na mahali ambapo nilidhani kinamasi kimeishia: ardhi iliyopasuka vipande vipande kama sahani iliyoangushwa, na mbali kidogo bikoni ya saruji, nyeupe, mpya. Ng'ambo ya bikoni maji yalimetameta. Chini ya bikoni, kwenye kivuli cha mwavuli wake, alikaa Zakayo, mpimaji wa Idara.

"Afisa!" aliita kwa furaha. "Itazame. Imesimama kama bwana harusi!"

Mama Nshoma alinisimamisha upande wa nje, hatua kumi kutoka bikoni. "Hapa tuliposimama, ni kinamasini au nchi kavu?"

Nilitazama chini. Vumbi liliufunika ulimi wa kiatu changu. "Nchi kavu, mama. Kwa mujibu wa—"

"Kwa mujibu wa nani?"

"Kwa mujibu wangu."

Alitema mate viganjani, akainua jembe. Pigo la kwanza lilitoa vumbi. La pili lilitoa udongo mweusi. La tatu lilibandua bonge kubwa kama mtungi, akalipasua kwa uangalifu, kama mtu anavyopasua yai alilotaga kuku wake kipenzi. Ndani yake, ndani ya ganda jembamba kama karatasi, alilala samaki. Alikuwa amejikunja, mkia ameufunika juu ya macho. Alikuwa anapumua.

Zakayo aliruka hadi mwavuli ukapinduka. "Mama yangu! Humu kuna mtu!"

"Humu kuna mwenyeji," alisema Mama Nshoma. "Kamongo. Maji yakiondoka, yeye haondoki. Anachimba, anajifunga, anasubiri masika. Miezi sita, wakati mwingine mwaka. Haya Zakayo, wewe si ndiye mtaalamu, muulize: baba, unaishi nchi kavu?"

"Umemzika jana ili kunitia aibu."

"Nimzike samaki mzima halafu nimfanyie nini, arobaini?"

Nilicheka hadi nilipomwona anavyoinama. Alimrudisha kamongo shimoni, akamwagia maji ya kibuyu chake cha kunywa, akamfunika udongo kwa viganja, akipapasa.

"Mafunjo yangu nayo yamelala hapa hapa," alisema, na sasa hakuwa anatania. "Mizizi iko chini ya miguu yako, shamba zima, hadi kule kwenye ule mchongoma. Mkuu akigonga, malori yanakuja. Leo. Wewe utakuwa unapigiwa makofi, mimi nitakuwa natazama kifusi kinavyomiminwa juu yake. Wanawake thelathini na mmoja, Nsia. Tutasuka nini? Nywele za Mkuu wako? Ana kipara!"

Kitu ni nini kinapolala? Hilo ndilo swali lililonishika pale, na sijui nilisimama nalo kwa muda gani, kwa maana jua lilirudi nyuma mara mbili na hakuna aliyelalamika. Mimi, Nsia, hulala saa saba kila siku. Je, katika saa hizo nchi inaweza kunigawa viwanja? Mbegu ghalani si shamba? Mwimbaji akinyamaza ili avute pumzi, wimbo umekwisha? Nilikuwa nimeandika sheria inayohesabu tu kilicho macho siku ambayo mhesabuji amepita. Nilikuwa nimemwambia Kinamasi: uwepo wako ni ile siku yako nyembamba kuliko zote. Lililoniuma zaidi ni kwamba nililiandika hilo kwa upendo. Sikuwa nimemchukia mtu. Mkono wangu ulikuwa laini kabisa, na ulikuwa unaziba pua ya aliyelala.

"Zakayo," nilisema, "mlipima mwezi gani?"

"Mwezi wa Vumbi."

"Kwa nini Mwezi wa Vumbi?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa viatu miguuni. "Tungepima lini, afisa? Mwezi wa Tope gari la Idara linazama. Kibali cha safari hutoka Mwezi wa Vumbi. Hata haya mabuti hutolewa Mwezi wa Vumbi. Tangu niajiriwe sijawahi kupaona hapa pakiwa na maji."

"Hujawahi?"

"Kwani huwa pana maji?"

Mama Nshoma alikaa chini, akacheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Watunza maji wasiolowa," alisema. "Jamani. Watunza maji wasiolowa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Idara yenye vyeo, yenye wimbo wake, yenye watu wema wanaoamka alfajiri, ilikuwa imekilinda kinamasi miaka yote kwa kukitembelea siku ambazo hakipo nyumbani. Hakuna mwizi aliyelitengeneza kosa hilo. Lilitengenezwa na gari, na mabuti, na tarehe ya kibali.

"Baraza litataka namba," nilimwambia Mama Nshoma. "Nikisema maji hufika mbali, wataniuliza mbali wapi. Samaki mmoja hatatosha."

"Namba ninazo. Nina mikeka."

Alinipandisha hadi kwenye mwinuko, kwenye jiwe pana, jeusi, lililolainishwa na vizazi vya makalio. Waliliita Jiwe la Kusukia. Nyuma yake palikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda mikeka thelathini na minane ilining'inia, kila mmoja mpya, haujalaliwa hata mara moja. Alinieleza huku akiishusha. Kila masika, siku ambayo maji yamepanda mpaka basi, wanawake hutoka kwenye Jiwe na kuteremka wakihesabu hatua hadi vidole vya mguu vilowe. Kisha hurudi na kusuka mkeka wa mwaka, na kwa kila hatua huingiza utepe mmoja mwekundu. Tepe chache ni mwaka wa maji mengi. Tepe nyingi ni mwaka wa kiu. Mkeka huo haulaliwi, hauuzwi, hautandikwi msibani.

"Kwa nini mnasuka?" niliuliza.

"Ili tujue pa kutojenga. Ulidhani nini, urembo?"

Huu hapa mwaka wa gharika kuu: tepe tatu tu. Huu mwaka aliozaliwa mwanawe Nshoma. Huu mwaka ambao hakuna aliyetaka kuuzungumzia. Na huu, mrefu, mwekundu karibu wote, mwaka wa njaa, mvua ilipokuja kidogo kuliko miaka yote inayokumbukwa: tepe mia moja na arobaini. Nilizihesabu mara mbili kwa kidole. Kisha nikamwomba Zakayo ahesabu hatua kutoka Jiwe hadi bikoni yake. Alikwenda akihesabu kwa sauti, akarudi ananong'ona.

"Mia mbili na sita."

Hata mwaka wa njaa, hata katika masika maskini kuliko zote, maji yalikuwa yameipita bikoni yetu kwa hatua sitini na sita.

Turudi, nilisema. Turudi sasa, mkono wa Mkuu unachoka.

Niliingia ukumbini na mkeka begani na udongo hadi kwenye vifundo. Mama Nshoma alikuja nyuma yangu na mikeka kumi na mitano, Zakayo akaja nyuma yake na ishirini na miwili, akiyumba. Malori yalikuwa yananguruma kwa sauti ya juu zaidi, na wajumbe wa Baraza walikuwa wanatazama vifundo vya mikono yao, mahali ambapo hapakuwa na saa.

"Mheshimiwa Mkuu," nilisema, "naomba kuiondoa sentensi yangu."

Bwana Lukelesha akatikisa kichwa kwa huruma. "Nsia, mwanangu. Huwezi kuondoa kisicho chako." Akavuta jalada kutoka chini ya meza, kuukuu, limefungwa kwa utepe wa kanga, akalifungua mbele yangu.

Ndani palikuwa na mapendekezo kumi na moja ya sera ya kinamasi. Kila moja liliandikwa na kijana aliyetoka chuoni mwaka wake, na kila moja lilikuwa na sentensi ile ile, maneno kumi yale yale. Na kila moja, naapa, liliandikwa kwa mwandiko wangu. Ile *k* yangu yenye mguu mrefu. Ile nukta yangu inayofanana na koma iliyosita. Wino wa mengine ulikuwa umefifia kabla sijazaliwa.

Hapo fahari yangu ilianguka. Niliisikia ikianguka, ilikuwa na sauti ya kijiko. Nilikuwa nani basi? Nilidhani nimezaa, kumbe nimenakili. Nilidhani nimesema, kumbe kiti ndicho kilichosema, na mimi ni mdomo wa kumi na mbili kukaliwa nacho. Labda hapakuwa na Nsia. Labda palikuwa na kiti, na kalamu, na mtu mpya mwenye macho ya kung'aa kila mwaka, na fahari ile ile ikigawiwa kwa kila mmoja kama mabuti.

"Lile la kwanza," nilisema, "nani aliandika?"

Bwana Lukelesha alilipapasa karatasi la chini kabisa. Nilipomtazama usoni niliona paji langu, na kidevu changu, na ile njia yangu ya kuuma mdomo wa chini.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa na umri wako. Gari lilikuwa linanisubiri nje, dereva anapiga honi. Niliandika haraka. Waliofuata niliwapa wasome langu. Nilidhani kukitunza kitu ni kukirudia."

Nilitaka kumkasirikia na sikuweza. Ungewezaje kuukasirikia mkono wako mwenyewe kwa sababu umezeeka? Macho yangu yalikwenda chini ya karatasi, mahali pa sahihi. Nikasoma tarehe. Nikafungua la pili, nikasoma tarehe. La tatu. La nne. Yote kumi na moja, na langu la kumi na mbili.

"Mwezi wa Vumbi," nilisema. "Mwezi wa Vumbi. Mwezi wa Vumbi. Tazameni, waheshimiwa, sote tuliandika Mwezi wa Vumbi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona kinamasi."

Nikatandaza mikeka juu ya ramani. Sikuwa mzuri wa kuhutubia. Nilijikwaa, nilirudia maneno, mara moja niliita tepe "mheshimiwa". Lakini wekundu ulijieleza wenyewe. Mkeka baada ya mkeka, masika baada ya masika, miaka thelathini na minane ikapita juu ya ule weupe ulioandikwa Mji Mpya, na hakuna mwaka hata mmoja ulioishia kwenye bikoni.

Mjumbe mmoja mwenye tai ya kijani alisimama. "Mheshimiwa Mkuu, kwa heshima, hii ni mikeka."

"Na ile yako ni karatasi," alisema Mama Nshoma. "Ilitoka kwenye mti, hii ilitoka kwenye mafunjo. Tofauti ni kwamba aliyesuka hii alilowa."

"Utaratibu unasema—"

"Nilikosea," nilisema.

Neno lilitoka kabla sijaliita. Katika nchi ile watumishi walikuwa wamepitiwa, walikuwa wameelekezwa vibaya, walikuwa wamepokea taarifa zisizokamilika. Hakuna aliyekuwa amekosea. Mwandishi wa kumbukumbu aliinua kalamu, akamtazama Mkuu, akaishusha.

"Hatuna fomu ya neno hilo, Nsia," alisema Bwana Lukelesha kwa sauti ndogo.

"Basi nitaliandika hapa."

Nilichukua kalamu. Sheria ya muhuri ilikuwa moja tu, na kila mtoto wa shule aliijua: hauwezi kugongwa juu ya maandishi yaliyofutwa na aliyeyaandika. Nilipiga mstari juu ya maneno yangu kumi, mstari mmoja, mnyoofu, na pembeni nikaandika *nilikosea*. Niwaambie ukweli wote: sijawahi kujivunia chochote kama mstari ule. Fahari ya kuandika ilikuwa nguo ya kuazima, imevaliwa na watu kumi na mmoja kabla yangu. Hii ilinikaa mwilini.

Injini za malori zilinguruma. Mtu wa Mji Mpya, aliyekuwa ameegemea ukuta tangu asubuhi, alisema, "Mzee, adhuhuri."

Bwana Lukelesha aliutazama muhuri mkononi mwake. Kisha akanyoosha kidole, akaiomba kalamu yangu. Alivuta karatasi la chini kabisa, lile lililofifia, akapiga mstari juu ya sentensi yake, na pembeni, kwa mwandiko wangu, akaandika neno lile lile. Hapo ndipo nilipoona tulikuwa tunatofautiana: yeye alikuwa analia.

"Adhuhuri haijafika," alimwambia mtu wa Mji Mpya. "Zimeni magari."

Yakazimwa moja baada ya jingine. Sikujua jinsi nchi inavyoweza kuwa kimya. Kutoka mlango wa nyuma tulisikia chura.

Tuliandika upya hadi vidole vikafa ganzi. Ilichukua wiki, au ilichukua alasiri moja iliyorefushwa na nia. Tuliandika kwamba kinamasi kipimwe Mwezi wa Tope, na kwa miguu. Tuliandika kwamba ukingo ni mahali maji yalipofika mbali kuliko kote katika kumbukumbu ya watu wanaoishi nayo, na kwamba mikeka ni kumbukumbu, na itunzwe palepale ilipo, Idara iende kuisoma, isiichukue. Tuliandika kwamba nje ya ukingo huo mtu ajenge anavyopenda, na tukaandika Mji Mpya mahali pake juu ya mwinuko, kwa kuwa nao wenye kuungoja walikuwa watu, wana watoto na paa zinazovuja. Zakayo ndiye aliyependekeza kwamba kila mpimaji mpya, kabla ya kupewa mabuti, alowe kwanza.

Nilipofika mahali pa wasusi niliandika "wadau", na Mama Nshoma akaweka kidole juu ya neno.

"Hili ni nini?"

"Ni nyinyi, mama. Watu wanaohusika."

"Mimi sihusiki. Mimi ni msusi. Andika msusi."

Niliandika msusi.

"Na andika mpimaji pia. Miaka thelathini na minane tunapima bure, leo unaniita mdau."

Niliandika mpimaji. Bwana Lukelesha alitia sahihi yake polepole, na kwa mara ya kwanza mwandiko wake haukufanana na wangu.

Kisha Mwezi wa Tope ukaja, na tukatoka. Idara nzima na Baraza zima: Mkuu suruali ameikunja magotini, mjumbe wa tai ya kijani viatu ameviweka kichwani, mwandishi wa kumbukumbu daftari amelifunga kwa plastiki, wasusi thelathini na mmoja wakituonyesha pa kukanyaga na kutucheka kila tulipokanyaga pengine. Gari lilibaki mbali sana, dogo kama kosa la zamani. Tuliteremka kutoka kwenye Jiwe kwa safu moja tukihesabu pamoja, sauti za ofisini na sauti za kinamasini. Mafunjo yalikuwa yamechipua kila mahali, kijani kile cha kwanza ambacho bado hakijajua vumbi. Mvua ilitupiga mgongoni kwa viganja vilivyofunguka. Tulipofika hatua ya tisini na nne, vidole vyetu vikalowa.

"Tisini na nne!" Zakayo alipiga kelele, akiwa amelowa hadi kope, anacheka kama bwana harusi. "Mheshimiwa, tuandike?"

Mwandishi wa kumbukumbu alifungua plastiki. Mkuu alimtazama Mama Nshoma. Alikuwa amesimama mbele yetu sote, mkono ameuinua, hatazami nyuma.

"Subirini," alisema. "Bado yanakuja."

Hakuna mtu katika serikali ile aliyekuwa amewahi kuambiwa ayasubiri maji. Mwandishi akairudisha kalamu mfukoni. Maji yalitupanda kwenye vifundo, taratibu, baridi, yakinusa kila mguu kama ng'ombe anavyomnusa mgeni, kisha yakatupanda kwenye magoti. Nilimshika mkono mtu aliyekuwa karibu yangu bila kutazama ni nani. Tulisimama, Idara yote, Baraza lote, wakubwa na wadogo, ndani ya maji yanayopanda, na hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja.

"Bado," alisema Mama Nshoma.